Pete Kwenye Pua ya Boti

Boti iliingia Jericho, mtaani kwetu Nairobi, Jumamosi asubuhi, juu ya lori la kubebea mchanga. Watu walitoka nje na miswaki midomoni. Wanaume sita waliishusha, wakaipitisha kwa shida kati ya ua na ukuta, wakaiweka juu ya matairi manne mbele ya nyumba iliyotazamana na yangu. Ilikuwa boti ndogo ya plaiwudi, rangi nyeupe imebabuka, ina viti viwili vya ubao na makasia mawili. Mtaa mzima ulikuwa unachota maji kwenye bomba la pamoja, na bomba lenyewe lilikuwa likikauka kila Jumatano. Sasa hapo katikati kuna boti.

"Mzee, ziwa linakuja lini?" mtu mmoja aliuliza kwa sauti, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mzee huyo alikuwa jirani yangu, mwenye nyumba ile. Alikuwa amesimama kando akishikilia bega lake la kulia, kama alivyozoea kufanya.

Alikuwa mtu wa Murang'a, dereva wa malori kwa miaka mingi. Siku moja mlango wa nyuma wa lori ulifunguka wenyewe, ukamwangukia begani. Alipona, lakini mkono haukupanda tena zaidi ya kifua. Kampuni ilimtoa kwenye malori ikampa kazi ya kuendesha gari dogo la mkubwa wake, Mzungu mmoja aliyependa kwenda kucheza na boti kwenye bwawa siku za Jumapili. Mzungu alipohama nchi, mkubwa mpya alikuja na dereva wake. Jirani yangu akabaki na barua ya kusifiwa, na boti. Kama hiyo boti ilikuwa zawadi au mzaha, hakuna aliyejua. Mke wake aliuza mboga soko la Jericho, na walikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea kabeji. Yeye mwenyewe tangu ajali alikuwa amepunguza maneno. Ulimsalimia, akakuitikia vizuri, halafu basi.

Mimi nilikuwa mchongaji. Nilichonga simba, vifaru na vichwa vya kutundika ukutani, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu kule Ukambani. Jumapili ile, baada ya kanisa, nilivuka kwenda kuitazama boti kwa sababu ya mbao zake tu. Niliipapasa, nikaigonga kwa kidole hapa na pale.

"Imeoza?" aliniuliza.

"Haijaoza. Plaiwudi yake ni nzuri. Aliyeitengeneza hakuwa na haraka."

Tukakaa kwenye ukingo wa kibaraza chake, mkewe akatuletea chai. Kwa vile tulikuwa tunazungumza habari za boti, nikamweleza habari za nyumbani kwetu. Lile bwawa kubwa la Masinga lilikuwa limejaa miaka michache tu kabla ya hapo. Maji ya mto Tana yalipanda yakameza njia tuliyokuwa tukipita kwa miguu tangu utotoni. Mama yangu alibaki upande mmoja, dada yake wa pekee upande wa pili. Zamani walikuwa wakitembeleana kila wiki. Sasa kumfikia ilibidi azunguke siku nzima, na mama hakuwa na miguu ya kuzunguka siku nzima. Walikuwa wakitazamana moshi wa majiko tu.

"Hakuna boti huko?"

"Ziko mbili tatu za wavuvi. Lakini wako mbali na kwetu. Halafu hapo kwetu ufuo ni wa mamba. Boti ukiiacha majini inaibwa au inavunjwa na kiboko. Ukitaka kuitoa kila jioni lazima watu wanne waingie majini mpaka kiunoni wasukume. Nani ataingia?"

Tulimaliza chai, nikaenda zangu.

Kesho yake, kabla sijaenda kwenye kibanda changu cha kuchongea, aligonga mlango.

"Jirani," alisema, "hapo kwenu, gari linaweza kushuka mpaka kwenye maji?"

"Linaweza. Ile njia ya zamani inashuka moja kwa moja mpaka inaingia ndani ya maji."

"Basi sikiliza." Na akazungumza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia. Yule Mzungu alikuwa na trela. Unarudisha trela nyuma mpaka magurudumu yazame, boti inaelea yenyewe, unaisukuma kidogo inatoka. Wakati wa kurudi unaifunga waya kwenye pua, unazungusha mkono wa winchi, kile kigurudumu cha kukunja waya, inapanda yenyewe. Trela ilikuwa imeuzwa, lakini yeye alikuwa ameitazama kila Jumapili kwa miaka mitatu. "Mtu mmoja," alisema. "Mtu mmoja anaitoa, mtu mmoja anairudisha. Hata kama ana mkono mmoja."

Tulianza wiki ileile. Ekseli ilitoka kwenye gari lililokufa nyuma ya gereji moja upande wa Makadara. Fundi wa kuchomelea, mtu mrefu mwenye kibanda karibu na Jogoo Road, aliunganisha vyuma vya trela kwa siku tatu, akilalamika kwamba hajawahi kutengeneza kitanda cha kitu kisicholala. Winchi ndiyo ilitusumbua. Za dukani hatukuzimudu. Mwishowe jirani yangu akakumbuka malori yake: kila lori kubwa lina winchi ndogo chini ya tumbo, ya kushushia gurudumu la akiba. Tuliipata moja kwenye vyuma chakavu, imeshikana kwa kutu. Aliiloweka kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa brashi ya waya, akaipaka grisi mpaka ikazunguka bila kelele. Uzuri wake ni kwamba ukiuachilia mkono wake, mzigo haurudi nyuma. Unaweza kupumzika, ukajikuna, ukaendelea.

Mimi nilipewa mbao. Nilichonga rola nne za kukaa katikati ya trela ili tumbo la boti liteleze juu yake. Nilizichonga nyembamba katikati na nene pembeni, kama kiuno, ili boti ikae mahali pake isiyumbe. Nilitoboa tundu katikati ya kila moja nikapitisha bomba la chuma, kisha nikaziloweka kwenye mafuta machafu ya gari wiki nzima.

Ikabaki pete. Boti ilihitaji pete ya chuma kwenye pua, ya kushikwa na ndoano ya waya. Watu wa pwani wana jina lao la sehemu hiyo ya mbele, sisi wa Jericho tuliiita pua. Fundi alitengeneza pete nene nzuri, ameichomelea kwenye bamba lenye matundu manne. Kazi ya kuifunga ilikuwa yangu, kwa sababu ilikuwa kazi ya mbao.

Hapa nitasema ukweli. Nilijua pete ile inatakiwa kufungwa kwa bolti zinazopenya mpaka ndani, na huko ndani kuwe na kipande cha mti mgumu cha kuzishikilia. Lakini ili kufika ndani ya pua ilibidi ning'oe kile kisitiri cha mbele cha boti, mbao zinazofunika pua kwa juu, kazi ya siku mbili. Tulikuwa tumeshapanga safari. Nilikuwa nimemtumia mama ujumbe. Basi nikachukua skrubu nne kubwa, nikazikaza kutoka nje, nikaipaka rangi juu. Ilionekana imara. Niliivuta kwa mkono, haikutikisika.

Tuliondoka alfajiri, mimi, jirani na mke wake, watatu mbele ya pikapu, boti ikitufuata. Njia nzima hadi Thika watu walikuwa wakitupungia. Pale Matuu, askari wa barabarani alitusimamisha, akazunguka boti mara mbili.

"Mnaipeleka wapi?"

"Nyumbani," jirani yangu alimjibu.

Askari akacheka, akaturuhusu.

Mama alikuwa ametungoja ufuoni tangu saa mbili, amevaa nguo ya kanisani. Na majirani zake walikuwa wameketi kwenye mteremko kama watu waliokuja mkutanoni. Jirani yangu alirudisha trela nyuma polepole, kichwa nje ya dirisha. Ilikuwa vigumu, maana magurudumu yakishazama huoni tena trela iko wapi, lakini alifika. Boti ikainuka. Nakumbuka jinsi ilivyoinuka: mwanzo nyuma, halafu yote, kama mtu anayeamka. Aliifungua, akaingia, akapiga kasia kwa mkono wa kushoto zaidi kuliko wa kulia, akazunguka kidogo na kurudi. Watu wakapiga makofi. Mkewe alikuwa amejishika mashavu.

"Sasa tuirudishe kwanza," jirani yangu alisema. "Nataka nione inapanda. Ikipanda, ndipo nitambeba mama."

Alifunga ndoano kwenye pete, akarudi mbele ya trela akaanza kuzungusha. Boti ikaja. Ikagusa rola ya kwanza, ikapanda, ikagusa ya pili. Nilikuwa nimesimama pembeni nikitabasamu, nikitazama rola zangu zikizunguka. Kisha nikasikia mlio kama wa mbao ya sanduku inapofunguliwa kwa nyundo. Pete ikachomoka na skrubu zake zote nne na vipande vya plaiwudi, ikaruka ikapiga nguzo ya winchi. Boti ikateleza nyuma, ikaingia majini, ikaanza kwenda zake.

Jirani yangu hakungoja. Alipita mbele yangu mbio, akaingia majini na viatu, mpaka magotini, mpaka kifuani, akaidaka ukingoni kwa mkono wa kushoto.

"Mamba!" watu walipiga kelele. "Toka! Toka wewe!"

Mkewe alikuwa akiliita jina lake, sauti yake haikutoka vizuri. Mimi nilisimama. Sijui ni sekunde ngapi. Kisha nikaingia, na wanaume wengine watano wakaingia, tukaivuta boti na yeye ameing'ang'ania mpaka kwenye mchanga. Hakuna aliyeumia. Yeye alikaa chini, maji yakimtiririka kwenye mikono ya shati, na mkewe akamfunika kwa kanga.

Mama hakuvuka siku hiyo. Alitupikia kuku, tukala, kila mtu akitazama sahani yake. Tulipokuwa tunaondoka alimshika jirani yangu mkono ule mbovu, akamwambia, "Mwanangu, usiingie tena kwenye yale maji kwa ajili ya mbao. Mbao hutengenezwa." Nilimtafsiria, akaitikia kwa kichwa.

Tulipofika karibu na Thika nilishindwa kunyamaza.

"Zile skrubu," nilisema. "Nilijua hazifai. Nilifanya haraka."

"Najua," alisema. "Nilikuona ukizifunga."

"Sasa mbona hukusema?"

Aliendesha kidogo. "Kwa sababu na mimi nilikuwa na haraka. Tangu ajali watu wananiangalia nikishika bega. Nilitaka tufike."

Mkewe, aliyekuwa ameketi kati yetu, akasema, "Haya. Mmeshafika, mmeona. Sasa mtafanya kwa utaratibu, ama nitapanda sukuma wiki ndani ya hiyo boti."

Hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Jumatatu sikuenda kibandani. Niling'oa kisitiri cha mbele, ubao kwa ubao, nikaviweka vipande kwa mpangilio wa namba za chaki. Ndani ya pua palikuwa pembamba kama ndani ya kiatu. Nilikata kigogo cha muhugu, ule mti mzito niliokuwa nautumia kwa vifaru, nikaanza kukichonga kwa tezo na patasi kifuate umbo la pale ndani. Unachonga kidogo, unakijaribisha, unatazama kinapogusa, unakitoa, unachonga tena. Nilifanya hivyo siku tatu. Sanamu ikikosewa kidogo mnunuzi hajui. Kifaru mwenye sikio fupi ni kifaru tu. Lakini kigogo kile kilikuwa kinakaa sawasawa au hakikai, na nilijikuta nikifurahia jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Siku ya tatu jioni kilipoingia, niligonga mara moja kwa kiganja kikanyamaza mahali pake.

Tulitoboa kwa keke kutoka nje hadi ndani, tukapitisha bolti nne, huko ndani tukaweka bamba pana la chuma na washa za bolti, tukakaza. Jirani yangu alishika spana nje kwa mkono wa kushoto, mimi nimejikunja ndani. Kila bolti tuliipaka lami isipitishe maji. Kisha tukafunga pete mbili nyingine nyuma, za kuishikilia boti isirukeruke njiani, kwa bolti vilevile. Na chini kabisa nyuma tulitoboa tundu la kutolea maji, likapata kizibo cha shaba cha kukaza kwa mkono. Hakuna kitu tulichofunga kwa skrubu tena.

Wazo la nguzo lilikuwa la mke wake. Alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu chini, akatutazama tukijisifu.

"Mkishaizamisha trela, mtajuaje iko wapi?" aliuliza. "Siku ile mzee alikuwa anakisia tu. Wekeni miti miwili huku nyuma, isimame, itokeze juu ya maji. Boti ipite katikati."

Tulitazamana. Kesho yake tulimrudia fundi wa Jogoo Road, akachomelea mabomba mawili marefu. Mke wa jirani mwenyewe akayavisha mpira wa tyubu kuukuu, akaushona kwa uzi wa viatu ili yasikwaruze boti.

Safari hii hatukumpelekea mama ujumbe kwanza. Tulijaribu hapohapo mtaani. Tulishusha boti chini kwenye nyasi nyuma ya trela, tukaijaza mitungi ya maji, ishirini, tuliyoazima kwa majirani walewale waliotucheka. Trela tuliiweka kichwa juu kwenye mteremko. Jirani yangu akafunga ndoano, akashika mkono wa winchi. Watu walikuwa wamezunguka, wengine na watoto mgongoni. Alizungusha kwa kushoto. Boti ikakwaruza nyasi, pua ikainuka, ikapanda rola ya kwanza. Alisimama kupumzika. Haikurudi nyuma. Akaendelea. Mimi nilikuwa nimeweka sikio kwenye pua, nikisikiliza kama mganga, na sikusikia kitu.

Ilipofika juu kabisa, yule mtu aliyeuliza ziwa linakuja lini alisogea, akaishika pete, akaivuta kwa mikono yote miwili, mguu mmoja ameuegemeza kwenye trela.

"Hii haitoki," alitangaza.

Wiki mbili baadaye tulirudi Masinga. Ofisa wa bwawa alikuwa ameshatupa kibali, kwa sharti boti isibebe zaidi ya watu wanne. Maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya chai. Jirani yangu alirudisha trela akitazama nguzo zake mbili kwenye kioo, bila kutoa kichwa dirishani. Boti ikaelea. Aliitoa, kisha akairudisha, akaitoa tena, akairudisha, mara tatu, na viatu vyake vilikuwa vikavu. Hapo ndipo alipokwenda kusimama mbele ya mama na kumwambia kwa Kikamba nilichomfundisha njiani, kilichopinda kila upande, kwamba gari lake liko tayari.

Mama aliketi kwenye kiti cha nyuma, mkoba magotini, mwavuli wazi, akishikilia ukingo kwa mkono mmoja. Nilipiga kasia moja, jirani yangu lingine. Tulipofika katikati mama alianza kuita upande wa pili, na kutoka ng'ambo mtu akaitikia. Dada yake alikuwa ameshuka mpaka ukingoni. Walianza kusimuliana habari kabla hatujafika, wakipaza sauti juu ya maji: nani amezaa, mbuzi gani amekufa. Tulipogusa mchanga walikuwa tayari wanagombana kuhusu kikapu alichoazimwa mmoja wao miaka kadhaa iliyopita.

Jirani yangu hakurudi na boti Jericho. Aliiweka nyumbani kwa mama, kwenye trela yake, chini ya paa la makuti ya mkindu tulilolijenga, na akawa anakaa huko siku za kazi akivusha watu: wanafunzi wa shule, wanawake wa kanisa, mara moja bibi harusi na sanduku lake. Alijifunza Kikamba cha kweli. Kila mwisho wa mwezi alikuja Nairobi na pikapu, amebeba samaki wa bwawani, na mkewe akawa anawauza pembeni ya mboga. Bega halikupona. Lakini nilimwona siku moja pale kituoni Makadara akimsimulia mtu jambo, mikono yote miwili hewani, mmoja juu na mwingine nusu ya njia, na yule mtu akicheka.

Mimi niliendelea na simba na vifaru. Ila mwaka uliofuata wavuvi wawili wa upande wa chini wa bwawa walikuja mpaka kibandani kwangu, wamepanda basi kutoka huko, wakiuliza kama mimi ndiye fundi wa pete. Niliwaambia wakae. Nilitoa karatasi, nikawauliza pua za boti zao zina umbo gani ndani. Mmoja akaanza kunionyesha kwa viganja vyake viwili, akivikutanisha polepole, na mimi nikaanza kuchora.